Silinda Iliyoharibika: Kazi ya Nyumbani Kabla ya Karakana



Kila kiangazi kinapokaza, maneno tunayoyasikia zaidi hapa afisini ni mawili: maji na injini. Mwenye kitalu cha miche ya mikarafuu ajua sababu yake. Mche mchanga hauvumilii kiu. Ukikosa maji siku chache za Januari au Februari, jua likiwa kali na kaskazi inavuma, majani hunywea, na baada ya hapo hata ukiumwagia pipa zima hauinuki. Na khasara yake haionekani yote mwaka huo. Mkarafuu hukaa miaka kama sita au zaidi kabla ya kuanza kuzaa, basi kitalu kilichokufa mwaka huu ni shamba litakalokosekana baada ya miaka hiyo kupita. Ndiyo maana injini ya pampu ikizima, mwenyewe hutaka iwake kesho yake.

Somo letu la leo lahusu haraka hiyo. Silinda ikiharibika, wengi wetu huifungua, huitia guniani na kuivusha bahari, Unguja au Dar es Salaam, kwa mwenye mashine ya kuchonga silinda. Mara nyingi hurudishwa bila ya kuchongwa, au huchongwa kisha ikaharibika tena kabla ya mwaka kwisha, na mtu akamlaumu fundi. Sisi twaona kwamba aghalabu kosa si la fundi. Kazi iliyopasa kufanywa nyumbani haikufanywa, au, na hili ni baya zaidi, ilifanywa kazi ya nyumbani isiyofaa.

Mwanachama wetu mmoja ametupa ruhusa tueleze khabari yake bila ya kumtaja. Silinda ya injini yake ilikuwa na mfuo mmoja mrefu, uliochimbwa na klipu ya pini ya pistoni iliyochomoka. Akashauriwa na mtu ajaze mfuo ule kwa kuchomelea, kisha apeleke silinda ikachongwe, ili asihitaji pistoni kubwa zaidi. Akachomelea kwa vijiti vya kawaida, vile vinavyochomelea madirisha na milango ya chuma. Silinda ilipofika karakana, kisu cha mashine kilipogusa pale palipochomelewa kiliruka na kuvunjika ncha. Kikatiwa kingine, nacho kikavunjika. Silinda ikarudi kama ilivyokwenda, na miche mia nne imekwisha kukauka.

Sababu yake ni hii. Silinda za injini zetu ni chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Chuma hicho kina kaboni nyingi ndani yake. Kikipata moto mkali wa kuchomelea mahali padogo, kisha kikapoa upesi kwa sababu chuma kizima kilichopazunguka ni baridi, pale mahali huwa pagumu kama kioo, na pembezoni mwake hutokea nyufa nyembamba. Mfuo peke yake ungeondolewa kwa kuchonga. Mfuo uliochomelewa hivyo haukuchongeka tena.

Basi jambo la kwanza ni kuijua injini yako. Zinazotumika zaidi kwa pampu zetu twaweza kuzigawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zile za taratibu, za mtindo wa Lister, ulioanza Uingereza katika miaka ya 1930 na baadaye ukaigwa sana Rajkot huko India. Hizi husimama wima, gurudumu zake kubwa, na ile ya nguvu za farasi 6 huzunguka mara 650 kwa dakika. Kipenyo cha silinda yake ni inchi 4½, yaani milimita 114.3. Silinda ni kipande kimoja kizito chenye njia za maji pembeni, nacho hunyanyuliwa peke yake. Hii ndiyo silinda ya kuchongwa.

Fungu la pili ni zile za Kichina za mtindo wa S195, ambazo pistoni yake hulala na kwenda mbele na nyuma. Kipenyo chake ni milimita 95, nazo huzunguka mara 2000 kwa dakika. Ndani ya bloku yake mna slivu, yaani bomba la chuma linalochomeka na kuchomoka, na maji huigusa slivu yenyewe kwa nje. Slivu hii ikiharibika hununuliwa mpya pamoja na pistoni na ringi, na hapana haja ya kuvusha kitu. Tumewahi kumwona mtu amebeba bloku nzima ya injini ya namna hii hadi bandarini Mkoani, na dawa yake ilikuwa ikiuzwa dukani Chake Chake. Tutairudia injini hiyo mbele kidogo.

Kabla ya kufungua, tia alama. Piga nukta ndogo kwa tindo upande wa mbele wa silinda, na nyingine juu ya pistoni upande huo huo. Fundi akiiona silinda mezani hawezi kujua ipi mbele ipi nyuma, na utaona baadaye kwa nini jambo hili lina maana.

Kisha tazama juu ya silinda, mahali ringi ya kwanza inapokomea. Katika silinda iliyokwisha kulika utakuta ukingo, kwa kuwa pale juu ringi hazifiki, basi chuma kimebaki na unene wake wa zamani, na masizi yamegandia juu yake. Ukiivuta pistoni kwa nguvu kupitia hapo, ringi huvunjika, na pengine mifereji ya ringi katika pistoni humeguka. Kwa injini za mtindo wa Lister, njia iliyo salama ni kuinyanyua silinda yenyewe na kuiacha pistoni nyuma, itoke kwa chini. Kazi hii yataka watu wawili kwa uchache, na tambara safi lizibe uwazi wa chini mara silinda inapoinuka, ili kipande cha ringi kisidondokee ndani. Kwa injini ambayo pistoni haina budi kupitia juu, masizi yakwanguliwe kwanza kwa kipande cha mti mgumu au cha shaba, na ukingo wa chuma upunguzwe taratibu mpaka kucha isikwame.

Ikiwa pistoni imegandia kwa kutu, na hili latokea sana kwa injini iliyolala msimu mzima karibu na bahari, usiipige kwa nyundo ya chuma. Mimina dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa juu ya pistoni, uiache siku tatu au nne huku ukiongeza kila inapopungua. Kwa injini ya kulala, dizeli haitakaa, hivyo iinamishe, au shindilia tambara lililolowana. Kisha chukua gogo la mti lililopungua kidogo kuliko kipenyo cha silinda, uligonge kwa upole, mara juu mara chini ikiwezekana, mpaka pistoni itikisike hata kwa unywele. Ikishatikisika, imekwisha kazi, ni subira tu. Moto usitumike kabisa.

Sasa isafishe silinda kwa mafuta ya taa na brashi, uikaushe kwa tambara, uipeleke penye mwanga wa jua. Hapa ndipo penye somo lenyewe, maana silinda hueleza kilichoiua, na mtu asiyeisikiliza ataiua ya pili kwa sababu ile ile.

Ikiwa imelika sana juu, pande zote, na uso wake umefifia kama uliosuguliwa kwa msasa mwembamba, hilo ni vumbi. Chujio la hewa halikusafishwa, au mpira wake umepasuka na injini inavuta hewa isiyochujwa. Ikiwa imelika upande mmoja kuliko mwingine, ikiwa juu imelika mbele na chini imelika nyuma, konrodi imepinda, na hapo kuchonga silinda bila ya kuinyoosha konrodi ni kutupa fedha. Mifuo mingi mifupi iliyokaa pamoja, yenye rangi ya pistoni iliyogandia, ni ya joto: maji yalikatika au njia za maji zimeziba. Mtu apitishe waya katika njia hizo. Zile zinazotiwa maji ya chumvichumvi huota magamba kama ya sufuria ya kuchemshia maji, na joto halipati pa kutokea. Mstari mmoja uliosafishika, usio na alama ya mafuta, chini ya mahali nozeli inapoelekea, ni nozeli inayodondosha dizeli na kuosha mafuta ya kulainisha. Na mfuo mmoja mnene ulionyooka kutoka juu hadi chini, sawa na ncha ya pini, ni ile klipu tuliyokwisha kuitaja.

Baada ya hapo ni kupima. Karakana itapima tena kwa vyombo vyake, lakini wewe yakupasa ujue kabla, kwani bila ya kipimo hujui pistoni ya kununua. Pistoni za akiba huuzwa zikiwa zimezidi kipenyo cha asili kwa hatua: robo milimita, nusu milimita, milimita 0.75, na milimita moja. Silinda huchongwa kuifuata pistoni, haifuatwi na pistoni. Mwenye kutanguliza kuchonga kisha akatafuta pistoni aweza kuikosa, akabaki na tundu zuri lisilo na kitu cha kutia ndani yake.

Wengi wetu hatuna maikromita ya ndani. Lakini ringi mpya na fila, vile vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi, vyatosha kutupa kipimo cha kweli. Tia ringi peke yake ndani ya silinda, chini kabisa ambako pistoni haikusugua, uisukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa. Pima pengo kati ya ncha zake mbili. Kisha ilete juu, chini kidogo tu ya ule ukingo, upime tena. Pengo litakuwa limepanuka, kwa sababu mduara umepanuka. Chukua tofauti ya mapengo mawili uigawe kwa 3.14, nayo ni hisabati ile ile ya mduara tuliyofundishwa shuleni, na jawabu ni kiasi ambacho kipenyo kimelika. Tuseme chini pengo lilikuwa milimita 0.50 na juu likawa 1.44. Tofauti ni 0.94, na ukigawa kwa 3.14 wapata karibu milimita 0.30. Ndivyo ilivyolika.

Je, mtu huyo anunue pistoni iliyozidi kwa nusu milimita? Hapa wengi hujibu ndiyo, kwa kuwa 0.50 ni kubwa kuliko 0.30. Lakini ringi hukuambia ukubwa wa mduara tu, haikuambii umelika upande gani. Silinda hulika zaidi ule upande ambao pistoni huegemea inaposukumwa na moto, yaani kulia na kushoto ya krenki, si mbele na nyuma yake. Na mashine ya kuchonga yapasa ifuate kitovu kile kile cha asili, la sivyo pistoni haitasimama sawa juu ya krenki. Ikiwa zile milimita 0.30 zote zimeliwa upande mmoja, basi ili kisu kifikie chini ya uharibifu ule, yatakiwa kipenyo kiongezwe 0.60, maana kisu hukata pande zote mbili sawasawa. Nusu milimita ingeacha alama. Pistoni ya 0.75 ndiyo yake.

Kadhalika mifuo. Kina cha mfuo hukihesabu mara mbili. Mfuo wenye kina cha milimita 0.40 wataka kipenyo kiongezeke 0.80 kwa uchache, basi mtu atakwenda kwenye pistoni ya milimita moja. Kina chake utakipimaje? Fila ni pana, haziingii. Sisi hutumia mshipi wa kuvulia wa nailoni, ambao unene wake umeandikwa katika kigurudumu chake: 0.30, 0.40, 0.50. Iweke ringi ikiukata mfuo, uchomeke mshipi kati ya ringi na chini ya mfuo. Ukipita 0.30 na ukakataa 0.40 umekwisha kujua. Mshipi uwe mpya, usiokwisha kuvutwa na samaki ukakonda.

Ikiwa hesabu imepita milimita moja, silinda bado si ya kutupwa. Karakana yaweza kuipanua zaidi na kuishindilia bomba jipya la chuma ndani yake, kisha kulichonga kwa kipimo cha asili, na hapo hutumika pistoni ya kawaida. Ni kazi ya gharama zaidi, lakini mwenye kuijua mapema hanunui pistoni ya milimita moja isiyomfaa.

Nyufa sasa. Ufa hauonekani daima kwa macho. Safisha mpaka chuma kikauke kabisa, paka mafuta ya taa kwa brashi, ngoja kama robo saa, kisha pangusa pawe pakavu na upake unga wa chaki. Penye ufa, mafuta yaliyojificha yatatoka na kuilowesha chaki mstari mwembamba. Nyufa nyingi za silinda zetu hutokana na ndoo. Injini imekauka maji, imepata moto, na mtu kwa hofu aimiminia maji baridi ya kisimani. Wenzetu wa nchi za baridi silinda zao hupasuka kwa maji kuganda barafu ndani yake. Sisi Mungu ametuepusha na hilo, lakini twajipasulia wenyewe.

Ufa ukiwa nje, katika ukuta wa njia ya maji, watengenezeka. Toboa tundu dogo la milimita tatu kwenye kila ncha ya ufa, ili usiendelee mbele. Hizo ncha ndizo ambazo ile chaki imezionesha. Kisha fundi mwenye uzoefu aweza kuuziba kwa skrubu zilizopangwa zikilaliana, bila ya moto wowote. Au kwa kuunga kwa shaba baada ya kuipasha moto silinda nzima polepole. Au kwa vijiti vya nikeli vilivyotengenezwa kwa ajili ya chuma cha kusubu, akichomelea vipande vifupi vya sentimita mbili tatu, agonge kidogo kwa nyundo, na angoje mpaka mkono uweze kugusa ndipo aendelee. Iliyopashwa moto nzima ifukiwe katika jivu kavu ipoe mpaka kesho yake. Gundi ya chuma ya dukani yafaa kwa kitundu cha nje kinachovuja maji, na haina nafasi mahali penye moto wa dizeli.

Lakini lolote litakalochaguliwa, lifanywe kabla ya kuchonga. Moto huupinda mduara. Silinda iliyochongwa sawasawa kisha ikaungwa ufa wake kwa moto haiwi mduara tena, na kazi ya karakana imepotea. Na ufa ulioingia ndani, pale pistoni inapopita, usiguswe kwa moto nyumbani hata kidogo. Huo mwachie fundi aamue kama bomba la ndani litaufunika.

Tuirudie ile ya Kichina. Baada ya slivu kutoka, tazama uso wake wa nje. Ukikuta vitundu kama vya mti ulioliwa na wadudu, maji yameila, nayo haifai tena hata kama ndani ni nzima. Safisha kutu katika bloku pale slivu inapokaa na mahali pa ringi zake za mpira, mpaka chuma kiwe laini, kwani kutu kidogo huuma mpira na maji hupita kuingia katika mafuta. Ringi za mpira ziwe mpya. Ukishaitia slivu, usikimbilie kutia pistoni: jaza maji katika tangi lake, uache usiku kucha, na asubuhi tazama chini kama kuna tone.

Kwa silinda ya kuvushwa, lililobaki ni uso wake wa chini, ule unaokaa juu ya injini. Fundi huiweka silinda katika mashine kwa kuuegemeza uso huo. Pakiwa na gasketi kuukuu, rangi, au kijinundu cha chuma kilichotokana na kugongwa, silinda itakaa mshazari na itachongwa mshazari, na pistoni itakwenda mshazari ndani yake maisha yake yote. Kwangua gasketi yote, pitisha tupa laini juu ya vijinundu tu bila ya kukata uso wenyewe, na ufungue bolti zote zilizosimama. Iliyovunjika itolewe kabla. Msasa usipitishwe ndani ya silinda. Hauondoi kitu ila alama ambazo fundi alitaka kuziona.

Kisha ipake grisi ndani, kwa kuwa hewa ya bahari hutia kutu kwa usiku mmoja, uifunge kwa gunia safi na ubao chini. Pistoni mpya iende pamoja nayo, imefungwa mbali ili zisigongane, na ringi zake zibaki katika karatasi yake. Katika karatasi ya kumpa fundi andika: mtindo wa injini, upande wa mbele uko wapi, kipimo ulichopata juu na chini, kina cha mfuo na upande wake, ufa ulioungwa na namna ulivyoungwa, pistoni ni ya chuma au ya aluminiamu, maana aluminiamu hupanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma cha kusubu na yataka nafasi zaidi, na nafasi iliyoandikwa katika kitabu cha injini hiyo, ikiwa kitabu unacho.

Fila na maikromita ya chama ziko afisini. Huazimwa kwa siku mbili kwa kuandika jina daftarini, na yafaa zirudi zikiwa zimepanguswa mafuta.